Shangazi Susana Ashusha Sahani

Mwaka 1965, shule ya chekechea ya kanisa moja pale Rodi Kopany ilikuwa na mwalimu mmoja tu: Kezia, binti wa wavuvi wa kisiwa cha Mfangano. Kila asubuhi, kabla ya kugusa chaki, aliwapa watoto maneno ya kuwatatanisha ndimi.

"Shangazi Susana ashusha sahani sasa!"

"Sangasi Susana asusa sahani sasa!" walijibu, kwa maana Kijaluo cha nyumbani hakina "sh" wala "z". Walicheka hadi wakashika matumbo, wakajaribu tena. Kezia naye alijikwaa makusudi ili wamcheke yeye.

Jerusha peke yake hakufungua kinywa. Wanafunzi wakubwa wa shule ya msingi walikuwa wamemzomea kwa kujiita "Jerusa", na tangu hapo alinyamaza kabisa darasani.

Mzee Cephas, mwenyekiti wa kamati ya shule, alichukia zile kelele.

"Mwalimu, hii ni shule au ngoma? Waandike a, e, i, o, u. Kimya!"

"Mzee, neno ambalo mtoto hajalionja mdomoni ataliandikaje?"

Jumatatu moja Kezia akakuta kufuli mlangoni, watoto wamejaa uani, na Mzee Cephas ameshika ufunguo.

"Ahidi kwamba utaacha upuuzi huu, nifungue."

"Siahidi."

"Basi darasa huna."

"Mlango ni wako, Mzee. Midomo ni yao." Akawageukia watoto, akapaza sauti. "Lori la Werema larudi likilala!"

Wakaitikia kwa kishindo, wakamfuata hadi sokoni. Teresa, mjane aliyeuza mahindi, akawafungulia ghala lake. "Ingieni, wanangu. Watakaolalamika humu ni panya tu."

Wazazi wengi walimwogopa Mzee Cephas, wakawarudisha watoto kanisani. Kezia alibaki na wachache, na mshahara wake ukawa dagaa wa omena na viazi vya wazazi. Siku nyingine alilala njaa. Hakurudi kuomba.

Asubuhi moja ya mvua, Jerusha alipanda juu ya gunia.

"Mimi ni Jerusha," akasema. Wote wakamgeukia. "Jerusha ashusha sahani za shangazi Susana!"

Kezia aligeukia ukuta, akajifuta macho kwa leso. Kisha akasema, "Tena, mama. Kwa nguvu, Mzee Cephas asikie."

Mwaka uliofuata watoto wa ghalani walikuwa wengi kuliko wa kanisani. Mzee Cephas akatuma mjumbe: mwalimu arudi, mradi watoto wakae kimya.

"Mwambie ahsante," Kezia akajibu. "Lakini kelele zetu haziwezi kutoshea mle."