Mtoto wa Balozi

Nyumbani kwetu Ghubra, hapa Maskati, kazi aliyoifanya bibi yangu ujanani kule Unguja haitajwi mbele ya wageni. Alikuwa yaya. Alimlea mtoto wa Balozi, maana ndivyo watu wa Unguja walivyomwita gavana wao wa Kiingereza, na wajomba zangu wanaona hiyo ni aibu ya kufichwa. Mimi naona aibu ni yao.

Siku hizi bibi anaishi nusu huku, nusu kule. Alasiri husinzia, na akizinduka huniuliza kama mtoto ameshakunywa maziwa. Basi mjukuu wa Balozi, binti wa mtoto yule, alipofika Maskati akitafuta watu waliowahi kuingia nyumba ya babu yake, nilimkaribisha bila kumuuliza mjomba yeyote.

Bibi alikuwa na swali moja tu: yule mtoto, ambaye sasa ni marehemu, alimkumbuka? Adabu ikamzuia. Kwanza halwa, kwanza kahawa. Wakaangaliana, wakatabasamu, na alasiri ikawa inapita taratibu kama usingizi. Kisha bibi akataka chetezo, maana nguo za mtoto yule alikuwa akizifukiza udi kila asubuhi.

Moshi ulipopanda, mgeni akasimama na kuchukua mkoba wake. Masikini, alikuwa amefundishwa desturi ya Maskati: udi ukishapitishwa, mgeni anaaga. Bibi hakuthubutu kumzuia mtu aliyekwisha kusimama. Nilimwona anaikunja na kuikunjua kanga yake, nikapandwa na hasira.

"Keti, dada," nikamwambia mgeni kwa Kiingereza. "Bibi bado hajasema lake."

"Muulize," bibi akaninong'oneza. "Babake akinitaja? Nna hamu ya kujua tu, mwanangu."

Nikatafsiri. Mgeni akatikisa kichwa. Hapana, baba hakuwahi kumtaja yaya. Akimtaja mama yake tu: mama aliyemmenyea chungwa bila kulikata ganda, akamvisha ganda lile shingoni, mama aliyempulizia uji, mama aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake alipokuwa na homa.

Hapo akakunja uso.

"Lakini bibi yangu mimi namjua," akasema polepole. "Hakuwahi kumenya chungwa maishani mwake."

Nilimtafsiria bibi yote. Akaniomba nirudie pale pa homa. Nikarudia.

"Ilikuwa baridi kweli, ile sakafu," akasema bibi, akalia kwa furaha.