Mashine Iliyoiga Mkono wa Fundi

Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijadumu katika kazi moja. Nimeziba pancha za malori Mai Mahiu, nimebeba mabomba Olkaria, nimefagia kwa fundi wa meno bandia mjini Nakuru. Nilipoingia kwenye karakana ya fundi wa injini za mashindano, nilidhani ningekaa muda mfupi, nijue siri yake, niende zangu.

Kazi yake ilikuwa kuchonga poti, zile njia ndani ya kichwa cha injini ambamo hewa hupita kuelekea kwenye silinda. Kiwandani huziacha na kuta za kukwaruza na kona mbaya. Yeye alizipanua kwa grinda ndogo, kisha akaingiza kidole cha mwisho na kupapasa.

"Kidole hiki ndicho rula yangu," alisema, na watu waliamini, mimi nikiwemo.

Mteja wake mkubwa alikuwa mama mkulima wa viazi kutoka Kabazi, mwenyewe dereva wa mashindano. Siku moja alileta kichwa kipya na habari. Nairobi kuna mashine inayosoma poti moja, halafu inachonga zile tatu zingine zifanane nayo kabisa.

"Chonga moja, fundi. Zingine mashine imalize."

"Yaani mimi sasa ni mwalimu wa mashine?"

"Mwalimu hata analipwa vibaya. Wewe nitakulipa vizuri." Kisha akaacha mzaha. "Na ikifanya kazi poa, vichwa vyangu vyote vitaenda huko. Sikufichi."

Fundi alichonga ile moja kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona nao. Kichwa kiliporudi kutoka Nairobi, poti tatu zilikuwa na mistari midogo kama shamba lililolimwa kwa trekta. Alipapasa moja baada ya nyingine akitafuta kosa, asilipate.

Mimi nikakumbuka unga wa pinki wa kuchukulia umbo la meno, nikaenda kuomba kidogo kwa yule fundi wa meno. Unaukoroga na maji, unaumimina, na baada ya dakika chache unakuwa mpira laini wenye umbo la mdomo wa mtu. Niliujaza kwenye poti zote nne, nikavuta, nikapanga maumbo mezani. Yote manne yalikuwa na kitumbo upande wa kushoto.

"Mashine imeharibu!" fundi akasema, karibu kwa furaha.

"Na hii yako je, boss?"

Aliligeuza umbo la poti yake mkononi. Akaniagiza nijaze vichwa vya zamani alivyokuwa amechonga, vilivyokaa kwenye rafu. Poti zote ziliegemea kushoto, nyingine kidogo, nyingine sana, na kwa kuwa hazikulingana hakuna aliyewahi kuona. Mkono wake wa kulia ulisukuma grinda upande uleule siku zote. Na kidole alichopimia kilikuwa cha mkono huohuo, kikiingia kwa pembe ileile, kwa hiyo hakikuweza kulihisi kosa.

Tulisikia gari la mama likiingia. Fundi alichukua umbo la poti yake akalitia mfukoni, akaacha yale matatu ya mashine. Nilielewa. Neno moja tu la fundi, na mashine ingebeba lawama, naye angebaki na mteja.

"Hizi ni nini? Ndimi za ng'ombe?" mama akauliza.

"Ni poti zako."

"Mbona zimelala upande?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ikiwa tayari safi. Kisha akalitoa lile umbo mfukoni, akaliweka pamoja na mengine.

"Mashine imeiga sawasawa. Aliyelala upande ni mimi."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na nilikuwa nashinda?"

"Ulikuwa unaendesha vizuri, mathe."

Mama alicheka, lakini bado alilishika umbo lile. Alumini iliyotolewa hairudi, na kuchonga upande wa pili kungefanya poti kubwa kupita kiasi. Akasema kichwa kifungwe kwenye injini hivyo hivyo. Kisha akaenda kwenye gari bila kuaga, tukadhani ameondoka.

Akarudi amekumbatia kichwa kingine kilichofungwa kwa gunia. "Hiki nilikuwa nakipeleka Nairobi moja kwa moja," akasema. "Chonga moja kwanza. Nataka kuona."

Mama alikaa juu ya ndoo. Fundi alikigeuza kichwa, akashika grinda kwa mkono wa kushoto, akaanza polepole, akiutukana mkono wake kwa sauti ya chini. Mimi nikakoroga unga.