King'ora Nilichokitega Mwenyewe

Nina hasira, jamani, na wa kuchapwa ni mimi. Mtandao wa ofisi yetu hapa Bariadi ulikuwa unakwama, nikaweka king'ora kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa nyaya za meza zetu, kilie waya wowote ukibeba mzigo kupita kiasi. Kilipolia, nikamvaa mwenzangu Masanja, mpenda kuangalia mpira mtandaoni, mbele ya bosi: "Zima mpira wako, tufanye kazi!"

"Fuata waya kwanza, mama Milembe," Masanja akajibu.

Nikaufuata kwa mbwembwe, ofisi nzima nyuma yangu. Ukaipita meza yake, ukaingia chini ya yangu. Pale mwanangu Milembe, niliyeruhusiwa kuja naye kwa sharti asisumbue mtu, alikuwa anaangalia katuni kwenye laptopu yangu.

"Mama, nini kinalia?"

Masanja akacheka. Bosi hakucheka. "Kesho mwache nyumbani."

Nyumbani kuna nani?