Fundi Aliyenawa Mikono Kuliko Wote

Wakati wa korona nilikuwa katibu wa gulio la kijiji chetu, kule milimani upande wa Kolo. Ukatibu sikuugombea. Siku ya kikao nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki Kondoa mjini, na niliporudi nikakuta nimeshachaguliwa. "Una sauti," mwenyekiti aliniambia, kwa namna mtu anavyoambiwa ana homa.

Kwa hiyo bwana afya alipofika na pikipiki yake, mimi ndiye niliyesukumwa mbele. Alikuwa kijana mpole, ametoka masomoni Dodoma juzijuzi, na masharti yake yalikuwa wazi. Tukitaka gulio lisifungwe, tutoke kwenye lile banda tulimozoea kubanana, tuhamie uwanja wa mpira wa shule. Wauzaji wakae mbalimbali. Kila mtu avae barakoa. Pawe na ndoo ya maji na sabuni, na anayeingia anawe kwanza. Tulikubali yote, maana nyanya haiwezi kuambiwa isubiri ugonjwa upite ndipo ioze.

Barakoa tulimwomba fundi cherehani atushonee. Huyu alikuwa mtu mzima aliyefiwa na mkewe, mpole, mwenye maneno machache. Kila siku ya gulio aliweka cherehani yake jirani kabisa na shangazi yangu, ambaye anauza viazi vitamu. Shangazi naye alikuwa amefiwa na mumewe zamani, na ulimi wake uliogopwa. Mteja aliyebonyeza kiazi bila kununua aliondoka na neno la kumtosha wiki nzima. Wawili hao walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu miaka na miaka, na mimi sikuwahi kuwaza lolote. Nani huwaza mambo kama hayo juu ya shangazi yake?

Fundi alitushonea kwa vipande vilivyobaki kibandani kwake. Yangu ilitoka kwenye shati la shule na bado ilikuwa na mfuko wake, hapo hapo juu ya mdomo. Mama muuza mchicha alipewa kipande cha pazia. Kati ya zote alizotugawia, ya shangazi tu ndiyo ilikuwa ya kitenge kipya, chenye ndege wa bluu. Nikadhani ni heshima kwa umri wake.

Kisha nikachukua chokaa nikagawa uwanja. Shangazi nilimweka kwenye goli la karibu na lango la kuingilia, penye ndoo, kwa kuwa miguu inamsumbua. Fundi nikampeleka goli la pili, karibu na ukuta wa darasa, upepo usije ukampeperushia vitambaa. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Asubuhi ya gulio la kwanza, fundi akanifuata.

"Katibu, cherehani yangu haipendi upepo wa huku."

"Si ndiyo maana nimekupa ukuta?"

Akaugeukia ukuta, akautazama kwa muda. "Ukuta wenyewe siuamini," akasema.

Nikamwambia avumilie, hali ndiyo hiyo. Akarudi kukaa. Haukupita muda nikamwona anakatiza uwanja mzima, anapita vitunguu, anapita kuku, mpaka kwenye ndoo. Akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kupasua mgonjwa. Akarudi. Akashona kidogo. Akaja tena kunawa.

Ikawa hivyo kila gulio. Tuliokuwa tukibeba maji kutoka bombani tulianza kunung'unika. Muuza kuku aliuliza kama fundi anashona kwa matope. Bwana afya, yeye, alifurahi mno. Huko kwingine alikuwa akiwabembeleza watu wanawe hata mara moja, na hapa kuna mzee anayenawa bila kuambiwa. Kila alipokuja alisimama pembeni akimtazama fundi kama baba anayetazama mwanawe akipokea zawadi shuleni.

Siku moja akaamua kumtumia kama mfano. Akachukua kipaza sauti changu cha matangazo, akasimama katikati ya uwanja.

"Ndugu zangu, naomba mnisikilize! Mzee wetu huyu ni kielelezo. Karibu, mzee. Hebu waeleze wenzako, nini kinachokusukuma unawe mikono mara nyingi namna hii?"

Fundi alishika kipaza sauti kama kitu cha moto. Uwanja mzima ulimgeukia, kila mtu kwenye duara lake la chokaa. Hata mimi niliacha kupima vitunguu vyangu. Fundi si mtu wa kusema uongo, na nadhani hakuwa na uwezo wa kuutunga kwa haraka.

"Ndoo," akasema, na sauti ikagonga ukuta wa darasa ikarudi, "ndoo iko karibu na viazi."

Bwana afya hakuelewa. "Viazi, mzee?"

Mama muuza mchicha ndiye aliyeona. Alinyoosha mkono kwa fundi, akaunyoosha kwa shangazi, kisha akapiga yowe: "Jamani! Wamevaa sare!"

Tukatazama. Juu ya pua ya fundi walikuwa ndege wa bluu. Juu ya pua ya shangazi, ndege wale wale. Uwanja ulilipuka. Vigelegele vilipenya barakoa za kila namna, na mimi nilibaki nimeduwaa na mfuko wangu mdomoni, nikikumbuka ni nani aliyewatenganisha goli kwa goli.

Shangazi alisubiri kelele zipungue. Akapanga upya fungu la viazi ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

"Mwambieni aje kununua viazi kama watu wengine," akasema. "Asitumalizie maji."

Fundi alikuja akanunua. Kisha, kwa kuwa mambo yalishatangazwa kwa kipaza sauti, akaona bora afuate taratibu. Wiki hiyo hiyo alimleta kaka yake nyumbani kwetu, kwa baba, ambaye ndiye kaka mkubwa wa shangazi. Viti vilipangwa uani mbalimbali, hivyo posa ikasemwa kwa sauti ya juu, na majirani hawakuhitaji kusogea ukutani. Baba aliuliza tu, "Yeye mwenyewe anasemaje?" Kutoka jikoni shangazi akajibu kwamba kama angekuwa hataki, wangeshasikia.

Ndoa ilifungwa alasiri moja, watu wachache, sahani kila mtu na yake badala ya sinia. Mimi ndiye niliyemsaidia shangazi kuvaa.

"Mwanangu," akasema, "nimekula peke yangu mpaka nikadhani napenda."

Nikamfunga mtandio vizuri, tukatoka nje walipokuwa wakitungoja.