Majani ya Mrehani

Mke wangu alifariki wakati wa kipupwe, baada ya kuugua moyo kwa karibu miaka miwili. Tulimzika hapa hapa Msambweni. Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, nyumbani tulibaki watatu: mimi, binti yetu aliyekuwa na miaka kumi na miwili, na mama mkwe wangu. Mama alikuwa ametoka kwake Mkongani, anakolima, akamkuta mwanawe hospitalini hawezi tena kusema. Ndugu za marehemu walimwomba asirudi upesi, abaki amtazame mjukuu wake, kwa sababu mimi kazi yangu ni ya kuondoka alfajiri.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya Waitaliano, Diani. Nimesimama miaka mingi upande wa tambi na michuzi yake. Ijumaa na Jumamosi hubaki hotelini hadi wageni wamalize kula usiku, lakini siku nyingine zote hutoka saa tisa alasiri, na jua likizama huwa niko nyumbani.

Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, na maneno yao ni ya salamu. Mama alikuwa mwenye kuishika sana heshima hiyo. Asubuhi nilisimama nje ya mlango wa chumba chake nikamwamkia, “Shikamoo, Mama,” naye akaitikia, “Marahaba,” na hapo yakawa yamekwisha. Lililobaki lilipita kwa mtoto.

“Mwambie baba yako maji ya kunywa yamekwisha.”

“Mwambie bibi yako nitachota.”

Na sote watatu tukiwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili na sebule, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri kabisa.

Mwanzoni yeye ndiye aliyepika. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, au sima na mchicha, akatutengea mimi na mtoto sebuleni, kisha akaenda kula chumbani kwake. Nasema alikwenda kula, lakini sahani yake ilirudi jikoni ikiwa karibu kama ilivyoondoka. Binti yangu ndiye aliyekuwa akiiosha. Mama alikuwa akikonda. Leso aliyojifunga siku ya msiba ilikuwa sasa inamzunguka kifuani mara mbili na zaidi.

Kisha akaungua. Alikuwa akiepua sufuria ya uji, ikamponyoka, uji ukamwagikia mkono wa kulia. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta jirani amekwisha kumpeleka zahanati, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Asingeweza kukuna nazi wala kusonga sima kwa wiki kadhaa.

Jioni hiyo nilivua shati la kazi, nikaingia jikoni. Kutoka chumbani nikasikia sauti yake.

“Mwambie baba yako asihangaike. Mimi nitakunywa chai na mkate.”

“Mwambie bibi yako dawa aliyopewa haimezwi na chai kavu.”

“Mwambie baba yako si vizuri mwanamume kumpikia mama mkwe wake.”

Binti yangu alisimama mlangoni akinitazama, anangoja maneno ya kupeleka, nami nikamwambia anipe vitunguu.

Upishi wa nyumbani siujui sana. Nimelelewa na mama aliyetuzuia wavulana kuingia jikoni, na nilichojifunza nilikijifunza hotelini. Kwa hiyo nilipika nilichokijua. Nilichemsha tambi kwa maji yenye chumvi. Nikakaanga kitunguu thomu polepole kwa mafuta ya kawaida, maana ya zeituni ni ya wageni, nikatia nyanya mbivu nilizozimenya na kuziponda kwa mkono, nikaziacha zichemke hadi mchuzi ukawa mzito na mafuta yakaelea juu. Jibini hatukuwa nayo. Mtoto akampelekea bibi yake sahani.

Nilimsikia akiuliza, “Hizi ni tambi?”

“Ndiyo, bibi.”

“Za chumvi?”

Alizozijua yeye ni tambi za sukari, nazi na iliki, tunazokula Ramadhani. Mtoto akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku ya mazishi. Sahani iliporudi, nusu ilikuwa imeliwa.

Kesho yake nikapika tena mchuzi ule ule, nikataka uwe mzuri zaidi. Nyuma ya nyumba, karibu na bafu, kulikuwa na mrehani ambao marehemu aliupanda katika debe. Hotelini hatupiki mchuzi wa nyanya bila majani hayo. Nikachuma konzi moja, nikayachanachana kwa vidole, nikayatia sufuria ikiwa inaepuliwa. Harufu ilijaa nyumba nzima.

Mtoto alimpelekea sahani, akarudi nayo mara ile ile. Haikuguswa.

“Bibi analia,” akasema.

Nilidhani mkono unamuuma. Nikamtuma aulize. Akarudi akasema bibi hataki kitu, anataka kulala. Siku iliyofuata hakula tena, japo nilikuwa nimepika wali mweupe tu na samaki wa kukaanga. Nilipofunika sahani yake ya pili niliona haifai kuendelea kutuma mtoto. Nikajifuta mikono, nikaenda nikasimama mlangoni kwake, nje ya pazia.

“Hodi, Mama.”

Nikasikia kitanda kikilia, akijikusanya, akijifunika leso.

“Karibu hapo hapo,” akasema.

“Mama, kama nimekukosea kwa chakula, naomba uniambie. Sitaki ulale na njaa nyumbani kwangu.”

Akasema, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, ukiacha salamu, tangu msiba:

“Mrehani hauliwi, mwanangu. Mrehani ni wa maharusi na wa maiti. Mimi ndiye niliyeyatia majani yale ndani ya sanda ya mwanangu. Nimeyaweka kwa mkono huu huu. Halafu naletewa kwenye sahani.”

Nilishika fremu ya mlango. Siku ya mazishi mimi nilikuwa nje na wanaume. Ndani walikuwa wanawake, na wao ndio waliomwosha. Niliijua ile desturi kama kila mtu anavyoijua, lakini nilipokuwa jikoni na sufuria mbele yangu sikuifikiria hata kidogo. Kwangu mimi majani yale yalikuwa na habari nyingine, na nikaona kwamba ni lazima nimwambie, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kumwambia.

“Mama,” nikasema, “mrehani ule aliupanda yeye mwenyewe. Daktari alipomkataza chumvi, chakula kilimshinda. Alikuwa akisema kila kitu kina ladha ya karatasi. Mimi nikamwambia kule kazini tunatia majani ya mrehani, akasema jaribu. Nikawa nampikia jioni nikitoka kazini. Tambi na nyanya, bila chumvi, na majani yale. Hicho ndicho chakula pekee alichokuwa akikimaliza.”

“Ulikuwa ukimpikia wewe?”

“Ndiyo.”

“Mbona hakuniambia?”

“Alinikataza nisiseme. Aliona haya, Mama. Aliogopa utasikia kwamba ameolewa akageuka kupikiwa na mumewe.”

Nikasikia akivuta pumzi. Sikumwona uso, pazia lilikuwa limeshuka. Nilimsikia tu akilia, si kwa sauti, na mimi pale nje nikalia pia. Binti yetu alikuwa amekaa sebuleni na vitabu vyake vya shule. Aliacha kuandika, akainamisha kichwa juu ya meza.

Baadaye Mama aliuliza maswali, moja moja. Alikuwa akila mezani au kitandani? Alikuwa akila akashiba? Aliwahi kumtaja mama yake wakati wa kula? Nilimjibu kama ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba alimtaja mara nyingi, hasa alipotamani muhogo wa Mkongani, ule mwekundu wa maganda. Hilo lilimtuliza kidogo. Mwisho akasema:

“Nitakula, mwanangu. Nipikie hicho ulichokuwa ukimpikia. Lakini majani yale mimi siyawezi. Usiyatie.”

“Sitayatia, Mama.”

Na sikuyatia tena muda wote aliokaa nasi. Niliwapikia kwa pilipili manga na maganda ya ndimu, wakati mwingine giligilani. Haikuwa sawa, na mtu yeyote wa jikoni kwetu angejua kuna kitu kimepungua. Nilizoea.

Basi hivyo ndivyo zilivyokuwa jioni zetu. Nikirudi hupitia kwa mama muuza nyanya, nikachagua zile zilizoiva mno ambazo wengine wanaziacha. Kukiwa na pweza niliwachukua, nikawachemsha hadi wakalainika, kisha nikawamaliza ndani ya mchuzi. Maharagwe ya jana niliyapondaponda nusu, nikatia tambi fupi, ikawa supu nzito ya kuliwa na kijiko. Na siku moja sima ilibaki nyingi. Niliilaza kwenye sinia ikapoa, nikaikata vipande, nikavikaanga hadi vikafanya ukoko, nikavimwagia nyanya na uyoga juu.

Mama alikuwa ameanza kukaa kwenye kibao karibu na mlango wa jikoni, amegeukia uani, mgongo kwangu, akichambua mchicha kwa mkono mmoja. Alivitazama vipande vile mtoto alipompa.

“Hii si sima?”

“Ni sima, Mama. Kule hotelini inaitwa polenta. Wageni huiagiza.”

“Wanatoka Ulaya kuja kula sima?”

“Wengine ndiyo.”

Akatikisa kichwa. Akakila kipande, akaomba kingine. Mkono wake ulipopona alirudi kupika mchana, lakini jioni aliniachia mimi. Hatukulizungumza, ilikuwa hivyo tu. Tulikula sebuleni sote, yeye kwenye mkeka wake pembeni, ubavu kwetu, mimi na mtoto mezani. Watu wa kwao wangetuona wangeshangaa. Tulikula bila maneno mengi. Mara moja moja alisema kitu juu ya marehemu alipokuwa mdogo: kwamba aliogopa kuku, kwamba alichelewa kutembea. Binti yangu alikuwa akiacha kutafuna ili asikie.

Alikaa nasi hivyo karibu mwaka mzima. Kisha shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuja Jumapili moja. Ni mtu mwenye adabu, na alinyosha maneno kwa upole. Alisema mama yao ameshakaa sana, watu wameanza kuuliza. Akasema mimi bado ni kijana wa kuoa, na mwanamke gani atakubali kuingia katika nyumba aliyomo mama wa mke aliyetangulia? Tena mvua zinakaribia na shamba halina mtu.

Nilimwambia uamuzi ni wa Mama. Moyoni nilitaka akatae.

Mama alijibu kutoka kwenye mkeka wake. “Anasema kweli. Nitakwenda.”

Jioni ya mwisho nilimwuliza anataka kula nini. Akasema nisipike, leo atapika yeye. Akakuna nazi mwenyewe, akapika wali na kuku wa kienyeji, akatutengea, akala akamaliza. Asubuhi pikipiki ilipokuja kumchukua alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Ukipata mke, oa,” akasema. “Usinifiche. Mimi nitakuja harusini. Na huyu mtoto asome.”

“Inshallah, Mama.”

Mtoto alimkumbatia akamganda hadi mwenye pikipiki akazima injini akangoja.

Hiyo imekuwa miaka kadhaa sasa. Sijaoa. Si kwamba nimeapa, halijatokea tu. Binti yangu yuko shule ya bweni, anarudi likizo akiwa mrefu kuliko mama yake, na siku ya kwanza hulala mchana kutwa. Siku za shule niko peke yangu. Bado napika kila jioni, kwa sababu mtu aliyesimama jikoni kwa wengine tangu asubuhi akirudi akala mkate mkavu hujiona kama amesahauliwa na yeye mwenyewe. Shida yangu ni kipimo. Mkono umezoea watu watatu, na tambi za mtu mmoja sijazijua bado, huonekana chache mno zikiwa kavu. Zinazobaki humpa jirani, yule yule aliyempeleka Mama zahanati. Wajukuu zake wamezipenda.

Mama hupiga simu baada ya magharibi. Siku hizi haoni vizuri, hubonyezewa namba na mtoto wa shemeji. Juzi alipiga nikiwa nimekaa mezani.

“Umekula?”

“Ndiyo nakula, Mama.”

“Unakula nini?”

“Samaki na nyanya, na viazi.”

“Unakula na nani?”

“Peke yangu.”

Nikasikia mbuzi wakilia nyuma yake, na mtu akipasua kuni. Akasema mahindi yametoka lakini mvua imekatika, hawajui kama yatashika. Akauliza mtoto anafunga shule lini, akaniambia nimpeleke kwake kabla hajaanza kulala lala huko Msambweni. Nikasema nitampeleka. Akaniambia basi, nile, chakula kisipoe.