Nafasi Kifuani pa Gauni

Juzi mtaani Levolosi niliona blauzi ya bibi harusi, vipande vyake vikiunganishwa na nyuzi zilizopishana juu ya uwazi. Mimi niliyejisomesha hadi diploma ya ushonaji ng'ambo, hushona urembo huo hata nikifumba macho.

Enzi ya mkoloni, nikiwa mtoto mdogo, mama alimshonea dada yangu Nai gauni la ubatizo hivyohivyo. Cherehani kilinuka mafuta, na Nai alihema kwa shida kitandani. Nilidhani uwazi ule kifuani ni wa kupitishia pumzi.

"Yeyo, ongeza nafasi, apate hewa," nilimwambia mama.

"Sikia fundi wangu," Nai alicheka, akakohoa.

Mama alijua ni urembo tu. Hata hivyo aliufumua mshono wote, akaushona upya, mpana zaidi. Alipokata uzi, chumba kilikuwa kimya. Nai hakuhema tena.