Mume wangu alisema anayenipiga ni jini. Akina mama wa darsa wakamwamini

Wakuu, habari za humu.

Wa kupokea shikamoo pokeeni, wengine tusalimiane tu. Ninachoandika ni cha kweli. Majina nimeyabadilisha, ila mkono uliovunjika ni wangu na baridi ikizidi bado unanikumbusha.

Niko Kharumwa, Nyang'hwale. Aliyekuwa mume wangu, tumwite Baba Rahma, ana duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu, na wachimbaji wake. Mtu wa swala tano, mcheshi, kwenye michango ya msikiti hakosi.

Nyumbani alikuwa ananipiga.

Nilipochoka nikapeleka malalamiko kwa kamati ya msikiti. Shehe na wazee wakatuita wote wawili. Baba Rahma akalia mbele yao, machozi kabisa. Akasema, "Wazee wangu, si mimi. Kuna jini linanipanda nikifika nyumbani. Nikizinduka nakuta Mama Rahma ameshaumia."

Wakuu, kikao kikageuka palepale. Mimi niliyekuja na jicho limevimba nikasahaulika, yeye akaanza kupewa pole.

Akasomewa dua. Mimi nikapewa masharti.

Nisipandishe sauti, jini halipendi kelele. Nisimuulize alikuwa wapi, jini halipendi maswali. Mboga isizidi chumvi. Na juu ya yote, nifanye subira.

Niweke jambo moja pembeni hapa. Subira kwenye dini yetu ni kitu kikubwa, siifanyii mzaha. Ninachoshangaa ni kwamba dawa hiyo sijawahi kuona mwanaume akiandikiwa.

Basi nikawa naishi na jini lenye ratiba. Duarani halipandi. Kwa mnunuzi wa dhahabu halipandi. Trafiki akimsimamisha barabarani halipandi, tena linaita "afande" kwa heshima zote. Likifika kwangu ndiyo linapanda, na likimaliza linaomba chai.

Kilichonikata maini ni mwanangu. Rahma alikuwa hajaanza hata shule. Asubuhi moja baba yake alipotoka, akaninong'oneza, "Mama, jini limeenda kazini?"

Nikaingia jikoni nikalia. Nilijua nikiendelea kukaa, mtoto huyu atakua akidhani kila nyumba ina lake. Lakini nitokeje, wakati wazee wameshasema mume ni mgonjwa na mke mwema hamkimbii mgonjwa?

Halafu akanivunja mkono.

Nilitoka hospitali mkono umefungwa plasta, ile tunayoiita hogo, nikapitiliza hadi darsa la akina mama. Anayetufundisha ni Ostadha Mwajuma, Msukuma wa hapahapa, mjane, anauza vitenge sokoni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha.

Nilitegemea kupewa subira nyingine. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, majini yapo, Qur'ani imeyataja. Mumeo tunamwamini."

Nikainuka niondoke.

Akamalizia, "Tena tutamwamini mpaka mwisho."

Siku hiyohiyo mimi na Rahma tukahamia kwake. Kesho yake akanipeleka kwanza polisi, dawati la jinsia. Tulipotoka huko akawakusanya akina mama wa darsa, tukaenda kwenye kamati.

Akaongea kwa adabu, macho chini. "Shehe wetu, ndugu yetu ana jini linalovunja watu mifupa. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa na mke wala mtoto mpaka apone. Na wale vijana wanaoshuka naye shimoni, wanaoshika naye baruti, wameambiwa? Roho zao ni amana, lazima waambiwe."

Wazee wakatazamana. Wangekataaje? Jini hilo wao ndio waliolipitisha.

Wakuu wa machimboni mnajua kilichofuata. Mchimbaji atashuka kwenye shimo lenye ufa huku anapiga mluzi, ila mwambie mwenye duara ana jini uone kama atarudi hata kuchukua buti zake. Duara likakimbiwa. Mnunuzi akaacha kupokea simu. Kwenye kahawa akikaa, benchi linabaki lake peke yake.

Nakiri nilicheka, tena sana, na hogo langu shingoni.

Hakuvumilia. Ijumaa baada ya swala akaomba kipaza sauti, na spika za nje ziwashwe ili soko zima lisikie. "Ndugu zangu, mimi sina jini. Sijawahi kuwa na jini. Akili zangu timamu. Wachimbaji rudini kazini."

Nyuma ya pazia, upande wetu wa wanawake, Ostadha akasema taratibu, "Alhamdulillah, kapona." Akina mama wakaziba midomo kwa mitandio.

Lakini shehe, yuleyule aliyeniandikia subira, hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni yake, spika zikiwa bado zinaunguruma. Akauliza, "Sasa mkono wa mkeo umevunjwa na nani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake.

"Mimi," akasema. "Ila alinikera."

Kharumwa yote ikasikia.

Shehe alikuja mwenyewe kwa Ostadha kuniomba radhi. Ndoa ikavunjwa kwa kadhi, kwa taratibu za dini, na kesi ya mkono iko mahakamani. Ostadha ametenga chumba kimoja kwake kwa wanawake wanaokuja kama nilivyokuja mimi. Ukifika unaulizwa kama umekula. Ulimkosea nini mumeo, hilo hakuna anayekuuliza.

Siku ile tulipotoka msikitini Rahma alinishika mkono mzima. Akauliza, "Kwa hiyo jini halikuwepo?"

Nikamwambia halikuwepo.

Akatembea kidogo, akasema, "Kumbe ni baba."

Nikamvuta karibu, tukaendelea kutembea hadi kwa Ostadha.

Nilichojifunza, wakuu, dini haikuwahi kuniambia nikae nivunjwe. Walioniambia ni watu, na dini hiyohiyo ndiyo iliyonitoa, ilipopata mtu wa kuisoma hadi mwisho.

Kama na kwako kuna jini linalojua mlango mmoja tu, andika hapa chini. Humu tutaanza kwa kukuamini wewe.